Fremu ya Chuma ya Zamani, Vifaa vya Leo: Mpaka Uko Wapi?

Mtu amepata fremu ya baiskeli ya mashindano ya miaka ya 1980. Ni ya chuma, mabomba yake ni membamba, yameshikana kwa viungio vilivyopigwa tupa kwa subira, na rangi bado ina uhai. Vifaa vyake ama vimechoka ama havipo. Afanyeje? Wako watakaomwambia atafute vifaa vya rika lake, kimoja kimoja, hata ikimchukua miaka, mpaka baiskeli irudi kama ilivyotoka kwa fundi wake. Wengine watamwambia aivalishe magurudumu, gia na breki za leo, kisha aipande asubuhi na jioni. Wa kwanza huona wa pili wanaharibu urithi. Wa pili huwajibu kwamba baiskeli inayoning'inia ukutani ndiyo iliyokwisha kuharibika.

Nimewahi kuwa pande zote mbili. Siku hizi naona ubishi wenyewe umekaa pasipo pake. Watu hugombana zaidi juu ya mikono ya gia, kama ibaki kwenye bomba la chini au ihamie kwenye usukani, wakati faida kubwa ya vifaa vipya, na hatari kubwa kwa fremu, vyote viko kwenye gurudumu la nyuma.

Tuanze na fremu, maana ndiyo inayogombewa. Mabomba ya Reynolds 531 ya Uingereza yalianza kuuzwa mwaka 1935. Italia ilikuwa na Columbus, na seti yake maarufu ya SL ilikuwa na kuta za unene wa milimita 0.9 kwenye ncha na milimita 0.6 tu katikati. Ncha ziliachwa nene kwa sababu hapo ndipo moto wa kuunganishia hupita na ndipo mzigo hujikusanya. Ukilipiga bomba kama hilo kwa ukucha katikati utasikia linaita kama kengele ndogo. Fremu nzima hukaribia kilo 2. Chuma pia kina sifa moja ambayo alumini haina: mzigo ukibaki chini ya kiwango fulani, kinaweza kupinda na kurudi mara mamilioni bila kuchoka. Ndiyo maana fremu ya miaka 40 isiyo na kutu ndani wala mkunjo popote inaweza kupandwa leo bila wasiwasi.

Hoja ya watunzaji si ndogo. Baiskeli ya wakati ule ilipangwa kama kitu kimoja. Krenki (mikono inayobeba pedali) nyembamba zenye kung'aa zilikwenda na mabomba ya milimita 25 hadi 28, na upinde wa foku, uma unaoshika gurudumu la mbele, ulikwenda na usukani wa mviringo. Ukiweka krenki nene nyeusi za leo kwenye mabomba yale, jicho linakataa kabla akili haijasema neno. Kuna pia suala la ushahidi: seti kamili ikishavunjwa, direila (kifaa kinachohamisha mnyororo kati ya gia) ikaenda kwa huyu na breki kwa yule, haikutani tena. L'Eroica, msafara wa baiskeli za zamani ulioanza mwaka 1997 huko Gaiole in Chianti, Italia, umeliwekea jambo hili masharti yanayoeleweka: baiskeli ya mashindano ya kabla ya mwaka 1987, mikono ya gia kwenye bomba la chini, pedali za vikapu na mikanda, waya za breki zikipita nje ya usukani. Kwa masharti hayo vifaa vingi vya zamani viliondolewa kwenye masanduku na kurudishwa barabarani.

Hoja yao iliyo nzito zaidi, kwangu mimi, ni ya ufundi. Direila ya mwaka 1975 hufunguka kwa spana mbili tatu na bisibisi, ikasafishwa, ikatiwa mafuta, ikarudi kazini. Mkono wa gia wa msuguano hauna hatua za kubofya ndani yake. Unauvuta, mnyororo unahama, unasikiliza kwa sikio, unarekebisha kidogo. Haujali nyuma kuna meno ya aina gani wala ya kampuni gani. Kampuni ya Shimano ya Japani ilipoleta gia za hatua za SIS mwaka 1984, kisha mwaka 1990 mikono ya STI inayoweka breki na gia mahali pamoja, na Campagnolo ya Italia ikafuata na mikono yake ya Ergopower mwaka 1992, mpandaji alipata wepesi mkubwa. Alipoteza uhuru huo. Ndani ya mkono wa aina hiyo mna vijigurudumu na springi ndogo sana, na mingi haikutengenezwa ili ifunguliwe. Ikifa, unanunua mwingine.

Sasa upande wa pili. Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu hapa ndipo mwili wa mtu unapohusika.

Baiskeli nyingi za mashindano za wakati ule zilikuja na meno 52 na 42 mbele, na nyuma 13 hadi 24 au karibu na hapo. Kwa gia yake nyepesi kabisa, 42 kwa 24, kila mzunguko wa pedali unazungusha gurudumu mara 1.75, yaani karibu mita 3.7 za barabara. Weka krenki za 50 na 34, na kaseti (rundo la meno ya gurudumu la nyuma) inayofika meno 32. Sasa gia nyepesi inakupa mita 2.2 hivi kwa kila mzunguko. Kijana wa mashindano anaweza kupanda mlima kwa mita 3.7 akiwa amesimama juu ya pedali. Mtu wa miaka 55 anayeipenda baiskeli ileile atashuka na kuisukuma, au atapanda kwa kuyaumiza magoti, kisha ataiacha. Mtu anaposema kwamba gia za asili ni sehemu ya historia, ninakubali. Lakini zilipangwa kwa miguu ya watu wachache mno, na wengi waliozinunua dukani tangu siku ya kwanza hawakuwa na miguu hiyo.

Lipo pia jambo ambalo watunzaji hulipita haraka. Chuma cha fremu hakichoki, ila shingo ya usukani, usukani wenyewe na krenki mara nyingi ni alumini, na alumini huchoka kimyakimya. Nyufa huanza pale shingo inapobana usukani, au penye pembe kali za krenki, mahali pasipoonekana mpaka uvue kila kitu na kukisafisha. Usukani ukikatika kwenye mteremko hakuna cha kushika. Anayesisitiza usukani wa mwaka 1978 ubaki kwa kuwa ni wa asili, ilhali haijulikani ulianguka mara ngapi na ulibebeshwa nini, anaomba jambo ambalo mimi siwezi kumwomba mtu ninayempenda. Hapa sina pande mbili: shingo na usukani vibadilishwe, hata kama vipya vitachaguliwa kwa umbo la zamani.

Breki ni tofauti kidogo. Rimu za chuma zilizopakwa kromu, zilizokuwa kwenye baiskeli nyingi za bei ya kati, zikilowa mvua hazishiki karibu kabisa. Hizo ziondoke. Lakini breki nzuri za alumini za wakati ule, zikipewa rimu za alumini, raba mpya, waya mpya na ganda jipya la waya, hushangaza kwa jinsi zinavyoamka. Kinachobaki pungufu ni mkono wenyewe wa breki. Ya zamani ilikusudiwa kuvutwa kutoka chini, penye mpindo wa usukani. Ukiishika kutoka juu, mwenye vidole vifupi au vyenye maumivu hapati nguvu. Mikono ya leo imelitatua hilo vizuri, na hiyo ni faida ya kweli.

Turudi kwenye gurudumu la nyuma. Nafasi kati ya midomo ya fremu inayoshika ekseli ilikuwa milimita 120 enzi za gia tano nyuma, ikawa 126 kwa sita na saba, kisha 130 kuanzia gia nane hadi kumi na moja za breki za rimu. Magurudumu ya zamani yalitumia friwili, rundo la meno linalofungwa kwa uzi juu ya habu, kitovu cha gurudumu. Kadiri meno yalivyoongezeka, beringi ya upande wa kulia iliachwa mbali na fremu, ekseli ikabaki ndefu bila mhimili, na ekseli nyingi zilipinda au kukatika. Kaseti ilisogeza beringi nje, karibu na fremu. Ndiyo maana nasema gurudumu jipya la nyuma lina faida kuliko kifaa kingine chochote: ekseli yenye nguvu, rimu bora na meno mepesi ya kupandia, vyote kwa pamoja.

Gharama yake ni kwamba fremu ya milimita 126 inapaswa kupanuliwa hadi 130. Wengine huchomeka tu gurudumu kwa kuitanua fremu kwa mikono. Linaingia, lakini midomo haibaki sambamba na ekseli inakaa katika mkazo usio wake. Njia iliyo sahihi ni kuikunja fremu ikiwa baridi, bila moto: milimita 2 kila upande, kidogo kidogo, huku ukipima. Uzi mrefu hufungwa kutoka mdomo mmoja, ukazungushwa bomba la mbele, ukarudi mdomo wa pili, kisha hupimwa umbali wa uzi hadi bomba la kiti kushoto na kulia. Umbali usipolingana, upande mmoja umepinda zaidi. Baadaye midomo inanyooshwa iwe sambamba, na mwisho kabisa kile kijisehemu kinachobeba direila. Hapo wengi hukosea. Kwenye gia sita, duara moja la meno na la pili zilipishana kwa milimita 5.5 hivi, kwa hiyo kupinda kidogo hakukuonekana. Kwenye gia kumi na moja ni milimita 3.7 hivi, na kila kosa dogo linakuwa kelele.

Kutoka 126 kwenda 130 ni kazi ambayo chuma cha kawaida hukubali. Kutoka 120 kwenda 130 ni milimita 5 kila upande, na hapo ninaanza kusita, kwa sababu viunganishi vidogo vinavyoshikanisha matawi ya nyuma vinaweza kung'oka. Reynolds 753, ambayo ni nyembamba na iliyopitishwa kwenye moto ili iwe ngumu, iachwe kama ilivyo. Fremu ya alumini au kaboni haikunjwi kabisa.

Vipimo vingine nitavipitia haraka. Kabla ya kununua ekseli ya krenki, jua uzi wa fremu: wa Kiingereza uko kwenye ganda (bomba fupi la fremu linalobeba ekseli hiyo) la milimita 68 na upande wa mnyororo hufungwa kinyume. Wa Kiitaliano ni ganda la milimita 70 na pande zote hufungwa kwa kulia. Wa Kifaransa ni mwingine tena, na vipuri vyake ni haba. Aliyekuwa na rimu za inchi 27 akihamia 700C, kipimo cha kawaida cha magurudumu ya barabara ya leo, rimu inashuka milimita 4 kutoka kwenye raba za breki, hivyo breki ndefu zaidi huenda zikahitajika, ila nafasi ya tairi pana inaongezeka.

Mpaka wangu ni keekee na tupa. Kinachofungwa na kufunguliwa, na kifungwe. Kinachohitaji kutoboa daraja la breki ili lipokee nati ya ndani ya mtindo wa leo, au kuchomelea kishikio cha breki za diski, siungi mkono. La diski si suala la sura pekee. Breki ya diski husukuma tawi moja la foku karibu na ncha yake, na matawi membamba ya foku za zamani hayakupangiwa mzigo huo. Kwa breki za rimu, bado zinatengenezwa zenye bolti ndefu na nati ya nje kama za zamani. Itafutwe hiyo, tundu libaki lilivyo.

Fremu zenyewe hazilingani. Baiskeli iliyofika ikiwa kamili, vifaa vyote vya mwaka mmoja, kutoka kwa fundi aliyetengeneza chache, mimi nisingeigusa zaidi ya kubadilisha vilivyo hatari, na vilivyotolewa vihifadhiwe kwenye sanduku lenye jina la fremu. Lakini nyingi zinazopatikana ni fremu tupu za kiwandani, zilizotengenezwa kwa maelfu ili zipandwe. Kuzinyima kaseti kwa jina la urithi ni kuwapa heshima watu ambao wenyewe wangebadilisha vifaa siku ileile vilipotoka. Wanamashindano wa kila kizazi walifanya hivyo.

Ningemshauri aliyepata fremu aanze na nini? Gurudumu la nyuma lenye kaseti ya gia nane au tisa, krenki zenye gia nyepesi, direila inayoweza kufikia meno 32, raba na waya mpya za breki, shingo na usukani vipya. Kisha aache mikono ya zamani ya msuguano pale pale kwenye bomba la chini. Itahamisha mnyororo juu ya kaseti hiyo, mradi ngoma yake inayozungushia waya ivute waya wa kutosha, na mara nyingi inatosha. Apande hivyo miezi mitatu. Akiona bado anahitaji mikono inayobeba breki na gia pamoja, kwa sababu ya vidole vyake au barabara zake, aiweke. Matundu ya bomba la chini hupokea vishikio vya ganda la waya bila kukwaruza chochote, na mikono ya msuguano inaingia sandukuni.

Na gia za umeme zisizo na waya? Zinaivutia fremu ya zamani kwa sababu hazidai tundu lolote. Fremu inabaki safi kuliko kwa mfumo mwingine wowote. Hata hivyo zinadai betri ya umbo maalumu na programu ambayo mtengenezaji lazima aendelee kuitunza. Fremu yenyewe imekwisha kuishi miaka 40 na bado inapandika. Anayeziweka aweke pia, kando, ile mikono miwili ya zamani na waya mbili.