Kiwiko kinachouma na thamani ya tiba ya mikono

Maumivu ya upande wa nje wa kiwiko, yanayojulikana kama kiwiko cha tenisi, hutokana na kuchoka kwa kano za misuli inayoinua kiganja. Pale Mwaloni, soko la samaki la Kirumba jijini Mwanza, wapo watu ambao riziki yao yote inategemea kushika na kukaza: wavuta nyavu za dagaa, wakata samaki, wabeba magunia. Mtu wa namna hii akiumwa kiwiko huonekana mzima, kwa kuwa anatembea na anakula. Lakini kikombe cha chai humponyoka, kukamua nguo humshinda, na usiku akilalia mkono ule hushtuka usingizini.

Je, tiba ya mikono, yaani mtaalamu kukisukuma kiungo kwa mikono yake, inamrudishia maisha yake? Wanaoitetea wana hoja nzito. Katika utafiti uliofanyika Australia na kuchapishwa mwaka 2006, watu 198 waligawanywa makundi matatu: waliotibiwa kwa mikono pamoja na mazoezi, waliochomwa sindano ya steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe), na walioshauriwa kusubiri tu. Baada ya wiki 6, waliofanikiwa walikuwa asilimia 65 kwa tiba ya mikono na mazoezi, 78 kwa sindano, na 27 kwa waliosubiri. Hata hivyo, asilimia 72 ya waliochomwa sindano walirudiwa na maumivu baadaye.

Upande wa pili nao hauna hoja nyepesi. Ulipofika mwaka mmoja, waliosubiri walikuwa wamewakaribia sana waliotibiwa kwa mikono na mazoezi. Isitoshe, mikono na mazoezi vilitolewa kwa pamoja, hivyo haiwezekani kusema sifa ni ya kipi. Kwa mkazi wa Ukerewe, ambaye kila miadi ya Mwanza mjini ni nauli ya meli na siku isiyo na kipato, kulipia kitu ambacho muda ungekileta bure ni jambo la kufikiriwa mara mbili.

Hata hivyo naona hoja ya mwaka mmoja inamfaa zaidi mwenye mshahara. Anayelipwa kwa siku hawezi kuuweka mkono kando miezi kadhaa, na wiki zile za mwanzo ndizo zinazoamua kama ada ya shule italipwa. Kwake, miadi michache ina maana, mradi afundishwe mazoezi ya kuendelea nayo nyumbani.

Tiba hiyo, lakini, isichanganywe na kukandwa kwa mafuta ya moto hadi mtu apige kelele. Katika mbinu moja inayotumika sana, mtaalamu hutuliza mkono wa juu, husukuma kigasha taratibu kuelekea nje, na mgonjwa hukunja ngumi wakati huohuo. Ngumi hiyo haipaswi kuuma, na ikiuma, mtaalamu hubadili pembe au huacha. Vidole vikifa ganzi, au maumivu yakianzia shingoni, uchunguzi utangulie, kwani huenda tatizo ni mshipa wa fahamu wala si kano.