Ndoa ya akina Kramer ambayo hatukuoneshwa

Joanna Kramer hapigi kelele. Amemlaza mwanawe Billy, amekunja nguo chache kwenye sanduku, na sasa anamsubiri mume. Ted anaingia na furaha zake, kaaminiwa kazi kubwa ofisini, na kabla hata ya kumtazama mkewe usoni anakimbilia simu amalizie mambo ya kazi. Mke anasema naondoka. Mume bado yuko kwenye simu. Ndipo anaanza kumkabidhi vitu kimoja kimoja, kama karani anayemaliza zamu: funguo hizi hapa, kadi za kununulia hizi hapa, kodi imelipwa, umeme umelipwa, simu imelipwa. Dola 2,000 alizotoa kwenye akiba ndizo alizokuwa nazo walipooana. Anatoka. Mlango wa lifti unajifunga, Ted kabaki kwenye korido.

Hiyo ndiyo *Kramer vs. Kramer* ya Robert Benton, iliyotoka Desemba 1979. Ndiyo filamu ya mwaka ule iliyoingiza fedha nyingi kuliko zote Marekani, na ilibeba Oscar tano: ya filamu bora, ya mwongozaji, ya uandishi, ya Dustin Hoffman aliyeigiza Ted na ya Meryl Streep aliyeigiza Joanna. Watu wanaitaja kama filamu ya ndoa iliyovunjika, na wamekuwa wakiibishania tangu siku hizo. Ajabu yake ni kwamba ndoa yenyewe haimo. Tunafika msibani, marehemu ameshafunikwa, halafu tunaulizwa amekufa kwa nini.

Kwa hiyo kila mtazamaji anaijaza ile miaka ya nyuma kwa alichotoka nacho nyumbani kwake. Wapo wanaosema filamu imemwonea mama: kaondolewa mapema, hatumwoni kwa muda mrefu, na muda wote huo tunafundishwa kumpenda baba. Anaporudi kumdai mtoto anakuwa kama mgeni aliyekuja kutuharibia sherehe. Na wapo wanaosema hakuna uonevu wowote. Mwanamke kamwacha mtoto wa darasa la kwanza kwa zaidi ya mwaka, baba kabaki, kahangaika, kajifunza; kama kuna aliyeonewa ni yeye, maana mahakama ilimnyang'anya mtoto.

Mara ya mwisho niliitazama sebuleni kwa dada yangu, na mumewe akiwepo. Asubuhi ya kwanza bila mama, Ted anaamua kumpikia mtoto mkate wa mayai. Anavunja yai kwenye kikombe cha kahawa, slesi haiingii, anaikunja kwa nguvu. Billy anamkumbusha kuwa kasahau maziwa. Kikaango kinafuka moshi, Ted anakishika, anaungua, kifungua kinywa chote kinaishia chini na matusi juu yake. Shemeji alicheka mpaka akajifuta machozi. Dada hakucheka. Alisema tu, "Haya, sasa tumemjua aliyekuwa anapika."

Sentensi hiyo imenifanya niiangalie filamu upya. Kambi ya kwanza inalalamika kwamba Joanna hakupewa ushahidi. Nadhani alipewa, ila umefichwa ndani ya kichekesho. Kila asichokijua Ted nyumbani mwake ni kazi iliyokuwa inafanywa na mtu mmoja kimyakimya. Njiani kumpeleka Billy shule, baba anamuuliza mwanawe: hivi uko darasa la ngapi? Ndoa nzima imo mle. Hatuhitaji kuoneshwa ugomvi wa usiku wala kikombe kilichorushwa ukutani. Mwanamume amelala chumba cha pili na mtoto huyu miaka yote, na hajui yuko darasa la ngapi.

Lakini hapohapo ndipo filamu inaponikwaza. Ted anapoanza kuyajua hayo, yanakuwa ushujaa. Akimsubiri mtoto getini, akigombana naye juu ya aiskrimu kabla ya chakula, akimbeba mikononi na kukimbia naye barabarani hadi hospitali baada ya kuanguka kwenye vyuma vya kuchezea, sisi tunalia. Ni matukio mazuri kweli, na yule mtoto Justin Henry, aliyekuwa na miaka 8 alipoteuliwa kuwania Oscar, anayabeba pamoja na mkubwa wake. Ila Joanna aliyafanya hayohayo, pengine kwa miaka sita, na hakuna kamera iliyomfuata. Mama akiamka saa kumi na moja kupika, hiyo ni asubuhi ya kawaida. Akiamka baba, tunatengeneza filamu.

Mahakamani mambo yanakuwa magumu zaidi kwa pande zote mbili. Wakili wa Ted anamuuliza Joanna kwa mpangilio: mumeo aliwahi kukupiga? Hapana. Alikuwa mzinzi? Hapana. Mlevi? Hapana. Alishindwa kukutunza? Hapana. Basi, anasema kwa kejeli, naona kabisa kwa nini ulimwacha. Hapo shemeji alinigeukia na macho ya ushindi, na naelewa, kwa sababu ndiyo maswali tunayoulizwa sote kwenye vikao vya usuluhishi. Wazee wakikaa mkekani wanataka kujua amekupiga wapi na amekunyima nini. "Nilitaka kufanya kazi, akasema sitapata mshahara wa kutosha hata kumlipa yaya" si jibu linaloandikika kwenye daftari la baraza. Joanna analisema hilo mahakamani. Kisha tunasikia kwamba sasa analipwa dola 31,000 kwa mwaka, na Ted, aliyefukuzwa kazi na kupata nyingine ya haraka kabla ya Krismasi, analipwa 28,200. Mwandishi hakusherehekea wala kupigia mstari. Kaweka tarakimu mbili, kaendelea.

Hotuba ya Joanna kizimbani ina historia yake. Streep hakuridhika na mama alivyoandikwa, akimwona kama zimwi lisilo na sababu, na Benton akamruhusu aandike maneno ya hotuba hiyo mwenyewe. Wanaosema filamu ilimsahau mwanamke wana haki, kwa maana hiyo: ilibidi mwigizaji amkumbushe mwongozaji. Wanaosema haikumsahau nao wana haki, maana maneno yale yalibaki kwenye filamu na ndiyo yanayokumbukwa.

Kuna jambo lingine ambalo watazamaji wa siku hizi hawaliachi. Mwaka 2018 Streep alisimulia kwamba Hoffman alimzaba kofi kweli walipokuwa wanarekodi, kofi ambalo hakulitarajia. Wapo wasioweza tena kuitazama filamu baada ya kulijua hilo. Wengine wanasema tuache mambo ya nyuma ya kamera, tuhukumu kazi. Mimi naitazama bado, ila ule uso uliokakamaa usiku wa kuondoka siwezi tena kuuona kama wa Joanna peke yake. Filamu kuhusu mwanamke asiyesikilizwa, na mwanamke aliyeiigiza akafanyiwa hivyo ili eti aigize vizuri. Yeye aliyekuja akiwa ameshajiandaa.

Hukumu inampa mama mtoto, na hapa ndipo watazamaji wengi hukasirikia sheria kuliko mtu. Hasira hiyo ina walakini. Filamu inamwonesha hakimu kana kwamba umama peke yake unatosha, ilhali huko New York mahakama ya familia ilikuwa imeshakataa dhana hiyo mwaka 1973, miaka sita kabla. Sisi wa Tanzania tunaweza kuielewa kwa urahisi zaidi: Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inadhani ni heri mtoto wa chini ya miaka saba akae na mama, mpaka ithibitike vinginevyo. Joanna kizimbani anasema mwanawe ana miaka saba tu na anamhitaji. Kwa kipimo chetu kijana angekuwa ameshavuka mstari, na mawakili wangekula pesa zaidi.

Kwa maoni yangu mtu mwenye busara kuliko wote mle ndani ni Margaret, jirani, naye kaachwa na mume. Mwanzoni Ted anamtuhumu kwamba ndiye aliyemjaza Joanna maneno. Baadaye anakaa na Ted uwanjani wakiangalia watoto wanavyocheza, na siku ya kesi anatoa ushahidi upande wa Ted, huku akimgeukia rafiki yake Joanna na kumwambia mumewe si yule tena. Hamkani Joanna aliyoyapitia. Anaongeza tu aliyoyaona kwa macho yake. Kambi zote mbili za watazamaji zingejifunza kwake kusimama katikati bila kujificha.

Na kuna tukio moja dogo ambalo kila nikilitazama nashangaa kwa nini halitajwi sana. Wakili wa Ted anambana Joanna akiri kwamba alishindwa kwenye uhusiano uliokuwa muhimu kuliko yote maishani mwake. Anamkazania. Joanna anamtazama Ted. Na Ted, ambaye ndiye anayemlipa wakili huyo, anatikisa kichwa taratibu: hapana, hukushindwa. Hakuna anayemwona zaidi ya mkewe. Katika filamu nzima ndipo pekee ninapowaona kama watu waliowahi kuoana.

Mwisho wenyewe bado ni mfupa kwenye koo. Ted anakataa kukata rufaa kwa sababu Billy angelazimika kupandishwa kizimbani. Asubuhi ya kumkabidhi, baba na mwana wanapika tena mkate wa mayai, safari hii kimya, kila mmoja anajua nafasi ya mkono wake. Joanna anafika na kubaki chini mlangoni. Anasema alikuja kumchukua mwanawe ampeleke nyumbani, akatambua kwamba yuko nyumbani tayari. Shemeji aliona huo ni uungwana, na pesa yake imerudi. Dada aliona ni adhabu ileile kwa jina zuri: mama anasifiwa pale tu anapoachia. Nipo upande wa dada kwa nusu. Joanna hakufukuzwa na mtu safari hii, wala hakukimbia. Kachagua akiwa na kazi, pesa na hukumu mkononi, na mwanamke wa mwanzo wa filamu hakuwa na hata kimoja kati ya hivyo.

Kisha anaomba apande amwone mtoto. Ted anasema atasubiri chini. Anajifuta machozi, anamuuliza Ted anaonekanaje, Ted anamwambia amependeza sana. Mlango wa lifti unajifunga. Maneno ambayo Joanna atamwambia Billy huko juu hatutayasikia. Kamera imebaki chini na Ted, kama usiku ule wa kwanza.