Mashine ya kumwelekeza mzee aliyesahau kunawa

Anayeugua Alzheimer, ugonjwa unaodhoofisha kumbukumbu, anaweza kuwa na mikono yenye nguvu na bado akashindwa kunawa, kwa sababu mpangilio wa hatua umempotea: hufungua bomba, hushika sabuni, kisha husimama asijue kama sasa ni kusuuza au kujifuta. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Toronto, nchini Kanada, walilenga pengo hilo walipounda COACH, mfumo wenye kamera juu ya sinki unaofuatilia mikono, na mtu akikwama humtajia hatua inayofuata. Katika majaribio, baadhi ya wagonjwa walikamilisha hatua nyingi zaidi bila mkono wa mlezi.

Ninachokithamini zaidi katika mashine hiyo ni uvumilivu wake. Mkwe anayemwambia mama mzee asuuze mikono kwa mara ya kumi, huku maharage yakiungua jikoni, sauti humpanda hata asipokusudia, na mzee aliyekwisha kusahau maneno bado hulihisi karipio. Aidha, wapo wanaoona aibu kuelekezwa bafuni na mtoto wao wa kumzaa.

Hata hivyo, mashine huelekeza kazi iliyofundishwa tu. Katika vijiji vya Kilolo au Rungwe, nchini Tanzania, kunawa ni kumiminiwa maji juu ya beseni, au kukanyaga kijiti cha kibuyu chirizi, na kamera iliyozoea sinki haitatambua lolote hapo. Lugha nayo ina uzito wake: kwa baadhi ya wagonjwa wenye lugha mbili, ile waliyojifunza ukubwani ndiyo hulegea mapema, hivyo huenda bibi wa Kinyakyusa akapotewa na Kiswahili mapema, asiielewe mashine inayomwelekeza kwa lugha hiyo. Sauti isiyo na msemaji inaweza pia kumtisha, na ridhaa ya kuwekewa kamera bafuni ni vigumu kuidai kwa mtu asiyekumbuka kwamba aliitoa.

Kwa nyumba zetu ningeanza na simu ya kawaida yenye sauti ya mtoto wa mzee, iliyorekodiwa kwa lugha ya nyumbani, hatua moja moja na kwa maneno machache. Ila simu haioni mzee amekwama wapi. Ni lazima awepo mtu wa kuibonyeza kwa wakati wake, na msimu wa palizi, saa tatu asubuhi, wenye nguvu wote wako shambani.