Bampa Limekwaruzwa: Udai Bima au Umwite Fundi?

Wenye bima kubwa, ile inayolipia hata gari lako mwenyewe, wengi wana dhana moja: nimeshalipa, basi kila kinachokwaruzika kampuni itengeneze. Mimi sikubaliani nao. Bima kubwa ni ya siku gari limepinduka Chalinze au limeibwa, si ya bajaji kukupangusa kwenye foleni ya Mwenge.

Tupige hesabu. Chukua gari la shilingi milioni 15 lililokatiwa bima kwa asilimia 3.5. Hiyo ni 525,000, na ukiongeza VAT ya asilimia 18 inafika 619,500. Tuseme mkataba unataka mwenye gari achangie asilimia 10 ya kila dai, isipungue 250,000. Fundi akikuambia 220,000 za kunyoosha, kupiga puti na rangi, dai halipo. Hata likipita hupati senti. Akitaja 320,000, kampuni itatoa 70,000. Lakini zipo kampuni zinazompa punguzo mteja aliyemaliza mwaka bila kudai. Likiwa asilimia 10 tu, mwakani unapoteza 61,950 pamoja na VAT. Umebakiwa na elfu nane na kidogo, na bado hujaenda trafiki kufuata PF 90, fomu ya polisi ya ripoti ya ajali, wala hujamsubiri mtathmini asiyepokea simu.

Ila bei ya kwanza ya fundi usiiamini kabla bampa halijafunguliwa. Bampa la plastiki likigongwa hurudi lenyewe, ukaona mchubuko tu, kumbe chuma cha nyuma yake kimeingia ndani na vishikizo vya taa vimekatika. Angalia uwazi kati ya boneti na taa: upande mmoja ukiwa mpana kuliko mwingine, kuna kitu kimehama. Angalia na chini, kama rejeta inadondosha maji. Na kama gari lako ni la hizi za kisasa zenye kamera na sensa mbele, sahau bei za taa kuukuu za maduka ya vipuri ya Shauri Moyo. Hapo dai, tena bila aibu.

Linalonikera zaidi ni watu kuchanganya kutoa taarifa na kudai. Mikataba mingi inakutaka uijulishe kampuni mapema ajali inapotokea, hata kama huombi hela. Piga picha, mwandikie wakala ujumbe, mwambie kwa sasa unatengeneza mwenyewe. Ukikaa kimya, halafu wiki mbili baadaye mwenzako mliyegongana naye akaibuka na madai, kampuni ina sababu ya kukukwepa.

Na huyo mwenzako ndiye mwenye kesi hasa. Bodaboda ameanguka, anajifuta vumbi, anasema, "Bosi, nipe elfu hamsini yaishe." Inavutia, najua. Lakini mikataba hii kwa kawaida inakukataza kukiri kosa au kuahidi malipo bila idhini ya kampuni, na kile kikaratasi mnachosainiana juu ya boneti ndicho kitakachokugeukia. Isitoshe, goti linaweza kuvimba kesho asubuhi. Akiwa ameumia, hata kidogo, nendeni polisi, apate PF3, fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, atibiwe. Bima hata ile ndogo, inayolipia wale uliowagonga tu, ipo kwa ajili yake. Kisheria huwezi kuendesha barabarani bila hiyo. Kuokoa elfu hamsini kwa kumficha majeruhi, mimi naona ni uhuni.

Kosa likiwa la mwenzako, mambo yanageuka: dai linakwenda kwa bima yake. Kabla hajaondoka, piga picha ya leseni na namba ya gari, kisha ihakiki bima yake kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima, kwa namba hiyo hiyo palepale barabarani, maana karatasi ya bima anayokuonyesha inaweza kuwa ya kughushi. Akianza kusema ana haraka, hakiki haraka zaidi.