Pointi kwa Mlipaji, Usiku kwa Aliyelala

Familia nyingi za Mombasa hazisafiri mtu mmoja mmoja, na kanuni za pointi za hoteli kubwa za kimataifa, zile ambazo mgeni mwanachama hulimbikiza hadi zitoshe usiku wa bure, bado hazijalizingatia jambo hilo. Tukialikwa harusi Dar es Salaam, au tukienda Nairobi kwenye mahafali ya kijana aliyemaliza chuo, wanaoshuka pamoja kutoka kwenye basi au treni ya SGR ni mama, shangazi wawili, ami na mkewe, vijana kadhaa, na jamaa mmoja ambaye hadi jana yake hakuna aliyejua kwamba naye angekuja. Vyumba vinavyohitajika huwa vinne au vitano, na karibu kila mara vinalipwa na mtu mmoja, ambaye ama ana uwezo kuliko wenzake, ama ndiye aliyeaminiwa kukusanya michango ya wote. Mtu huyo ndiye ninayetaka kumtetea hapa, kwa sababu fedha zake hupokelewa zote bila mipaka, lakini hesabu ya pointi zake ina kikomo.

Kanuni yenyewe, katika makampuni makubwa, inafanana sana. Mwanachama wa mipango ya pointi ya makampuni hayo, iwe Marriott Bonvoy, Hilton Honors au World of Hyatt, anaweza kupata pointi za vyumba visivyozidi vitatu katika ukaaji mmoja, kwa sharti kwamba yeye mwenyewe analala katika kimojawapo na bili za vyumba hivyo anazilipa yeye. Chumba cha nne na cha tano havimpatii kitu, hata kama vimelipwa kwa kadi ileile na kwa wakati uleule. Kuhusu idadi ya usiku, ambayo ndiyo humpandisha mwanachama daraja lenye huduma za ziada, Marriott na Hyatt ni wakali zaidi, kwani humhesabia chumba kimoja tu, kile alicholala, hata kama amelipia vitatu.

Tuchukue mfano wa familia iliyokodi vyumba vitano kwa usiku mbili katika hoteli ya Nairobi iliyo chini ya Marriott, na tuseme kila chumba ni shilingi 12,900 kwa usiku kabla ya kodi, ambazo kwa kiwango cha shilingi 129 kwa dola ni dola 100. Ninasema kabla ya kodi kwa makusudi, kwa sababu kodi haihesabiwi katika pointi. VAT ya asilimia 16 na tozo ya utalii ya asilimia 2 mgeni huzilipa bila kupata pointi yoyote. Kwa pointi 10 kwa kila dola, kiwango ambacho Marriott hukitumia katika hoteli zake nyingi, dola 1,000 za vyumba vitano zingeleta pointi 10,000. Mlipaji atapata 6,000. Na katika usiku 10 aliougharamia, atahesabiwa 2, ilhali usiku 10 ndio unaohitajika kwa mwaka ili mtu afikie daraja la kwanza, Silver. Mfanyabiashara aliyelala peke yake kwa usiku 10 katika ziara tano tofauti atakuwa amefika daraja hilo kwa kulipa dola 1,000 zilezile, na pointi zake 10,000 atakuwa amezipata zote.

Mfanyabiashara huyo ndiye mgeni ambaye mipango hii ilibuniwa kwa ajili yake. Shirika la ndege la American Airlines lilianzisha mpango wake wa pointi, AAdvantage, mwaka 1981 ili kuwashikilia wasafiri wa mara kwa mara, na kufikia mwaka 1983 Holiday Inn na Marriott walikuwa wameleta wazo hilo hotelini. Aliyelengwa alikuwa mtu wa kazi, ambaye mwajiri humlipia chumba kimoja Jumatatu hadi Alhamisi, na ambaye angeweza kuvutwa kuchagua hoteli moja badala ya jirani yake kwa ahadi ya mapumziko ya bure na mkewe mwisho wa mwaka. Familia ya watu kumi na moja haikuwa katika picha hiyo. Baadaye ilipokubaliwa kwamba mtu anaweza kulipia zaidi ya chumba kimoja, nafasi ilipanuliwa hadi vyumba vitatu, yaani ukubwa wa familia ya baba, mama na watoto wanne.

Hata hivyo, kuiga mfumo wa ndege hakukufanywa kwa ukamilifu. Mtu akinunua tiketi tano za Kenya Airways, kila abiria aliye mwanachama wa Asante Rewards, mpango wa pointi wa shirika hilo, huweka namba yake kwenye tiketi yake, na safari ikihesabiwa inahesabiwa kwa aliyeketi kwenye kiti, bila kujali kadi ya nani ilitumika. Hoteli zimechanganya mambo mawili: zinamtaka mlipaji awe ndiye mlalaji, na pale ambapo haiwezekani mtu mmoja kulala vyumba vitano, zinaamua kwamba sehemu ya vyumba haikulaliwa na mtu yeyote wa kuhesabiwa.

Najua hoja inayotolewa kutetea kikomo hicho, na sioni kwamba ni hoja ya kupuuzwa. Bila mpaka wowote, wakala wa safari anayeweka vyumba arobaini kwa ajili ya kundi la watalii angejizolea pointi za vyumba arobaini ambavyo hakulala wala hakuvilipia kutoka mfukoni mwake, na karani wa ofisi anayepanga warsha za wiki nzima hapa Pwani angefika daraja la juu kabisa kwa fedha za mwajiri. Lakini sharti la kwamba mwanachama lazima alale katika kimoja cha vyumba hivyo tayari linamzuia wakala, na kwa upande wa waandaaji wa mikutano, makampuni hayohayo yana mipango maalumu yenye viwango vyake vya pointi. Aliyebaki kubanwa na kikomo cha vyumba vitatu ni yule ambaye hakukusudiwa kubanwa: mtu anayelala hapo hotelini, pamoja na watu wake, kwa fedha yake.

Kuna jambo jingine ambalo mgeni wa kawaida halioni. Hoteli nyingi zenye majina makubwa si mali ya kampuni ambayo jina lake liko juu ya mlango. Zina wamiliki wengine, na mmiliki hulipa kampuni hiyo sehemu ya bili ya kila mwanachama ili kugharamia pointi zinazotolewa. Kwa hiyo chumba cha nne kisichohesabiwa si hasara kwa yeyote isipokuwa mgeni. Mmiliki anaokoa gharama, na kampuni haibebi deni la pointi hizo katika vitabu vyake. Siwalaumu kwa kufanya hesabu, maana biashara ni hesabu, ila nasi tunayo haki ya kuifanya hesabu hiyo kabla ya kuamua familia yetu itashukia wapi.

Pendekezo langu ni kwamba vitu hivi viwili vitenganishwe. Pointi zifuate fedha: aliyelipa vyumba vitano, na yumo katika kimojawapo, apate pointi za vyumba vitano. Usiku ufuate kitanda: shangazi aliyelala chumba namba mbili, akiwa na namba yake ya uanachama, ahesabiwe usiku wake mwenyewe hata kama hakutoa senti. Kwa sasa hilo haliwezekani, kwa kuwa chumba kimoja huingizwa katika akaunti moja tu; ukiweka namba ya shangazi ili apate usiku wake, pointi za chumba hicho zinamwendea yeye na mlipaji anazikosa, na ukiweka namba ya mlipaji, shangazi anabaki kama mtu ambaye hakuwahi kufika hotelini. Wale wanaodai kwamba mitambo haiwezi kumtofautisha mlipaji na mlalaji wautazame mpango wa Hyatt uitwao Guest of Honor, ambao humwezesha mwanachama kumpa mgeni wake huduma za daraja la juu kabisa hata kama yeye mwenyewe hayupo. Kama kifungua kinywa kinaweza kumfuata asiyelipa, usiku nao unaweza.

Hadi hapo patakapobadilika, familia inayokodi vyumba vingi ina mambo kadhaa ya kuangalia, na kubwa kuliko yote ni mahali pa kuweka nafasi. Chumba kilichochukuliwa kupitia Booking.com, Expedia na mitandao mingine ya aina hiyo kwa kawaida hakileti pointi za hoteli hata kikiwa kimoja, achilia mbali vitatu, kwa sababu hoteli imeshailipa mitandao hiyo kamisheni yake. Nafasi ichukuliwe kwenye tovuti au simu ya hoteli yenyewe. Kisha jina la mlipaji na namba yake ya uanachama viwe kwenye vyumba vitatu anavyotaka vihesabiwe kwake, huku majina ya walalaji yakiongezwa kama wageni wa pili, kwa maana mhudumu wa mapokezi akiandika kila chumba kwa jina la anayelala na kufungua bili tano zisizohusiana, mfumo utaona wageni watano wasiojuana ambao mmoja wao tu ni mwanachama. Nimeona jambo hilo likitokea kwa jamaa zetu katika hoteli moja ya Nairobi, na barua pepe za kudai pointi zilizokosekana zilichukua muda mrefu kuliko safari yenyewe. Siku ya kuondoka, bili za vyumba hivyo zilipwe na mwanachama pale mapokezi, na risiti zitunzwe mpaka pointi zionekane kwenye akaunti.

Vyumba vinavyozidi vitatu ndivyo vya kuwekwa kwa majina ya watu wazima wengine waliojisajili. Uanachama ni bure, na ami ambaye hajawahi kusikia habari za pointi anaweza kusajiliwa kwa simu wakati treni bado iko Voi, ingawa ni salama zaidi kufanya hivyo kabla ya kuweka nafasi. Tatizo ni kwamba pointi zinatawanyika katika akaunti ambazo wenyewe hawatazifungua tena. Hapo Hilton inastahili sifa, kwa kuwa inaruhusu mwanachama kuunganisha pointi zake na za watu wengine hadi kumi bila malipo, na kumi ni idadi inayokaribia ukoo kama tunavyouelewa sisi.

Vilevile mtu asidanganyike kwamba daraja lake litawafunika wote. Mwanachama wa daraja la juu hupewa huduma zake katika chumba chake, na hoteli ikiwapa wa vyumba vingine kifungua kinywa au ikawaruhusu kuchelewa kutoka, imefanya hisani. Nimewahi kumsikia mzee mmoja akiuliza, kwa upole kabisa, kwa nini mwanawe anywe chai bure na yeye aliyemzaa alipe, na kijana wa mapokezi hakuwa na jibu zaidi ya kuomba radhi.

Suala la michango ni gumu zaidi kuliko kanuni za hoteli. Jamaa wakituma fedha zao kwa M-Pesa kwa mtu mmoja, naye akalipa vyumba vyote kwa kadi yake, kwa mujibu wa hoteli pointi zote zitakazotolewa ni zake, lakini kwa haki amelipia chumba kimoja tu. Sidhani kwamba mtu huyo ametenda kosa kwa kuzipokea, kwa kuwa ndiye aliyehangaika na simu, akabishana kuhusu bei, na akabeba hatari ya mjomba aliyeahidi kutuma kesho. Ninachoona ni kwamba awaambie wenzake mapema. Pointi zikitosha usiku wa bure, nadhani usiku huo ungempendeza zaidi kila mtu ukitumiwa kwa mgonjwa anayerudi Nairobi kwa matibabu au kwa wazee kwenye harusi inayofuata, kuliko mlipaji kwenda kuutumia peke yake Park Hyatt ya Zanzibar, ingawa sitamhukumu atakayefanya hivyo.

Hapa kwetu mambo yana sura nyingine. Hoteli nyingi kubwa za ufukweni, kuanzia Nyali na Bamburi hadi Shanzu, ni za makampuni ya Kenya au za wamiliki binafsi, na anayekodi vyumba vingi huko hana haja ya kusubiri akaunti ya pointi imfikirie. Katika biashara ya makundi ni desturi ya siku nyingi kwamba kundi likifikia idadi fulani ya vyumba vinavyolipiwa, kimoja hutolewa bure, na idadi hiyo hujadiliwa na meneja wa mauzo, si na kompyuta. Desemba, Pasaka na Agosti, wageni wa bara wanapojaza vyumba, mazungumzo hayo huwa mafupi sana. Lakini Mei, mvua za masika zinaponyesha na ufuo ukawa mtupu, mtu mwenye vyumba vitano mkononi husikilizwa kwa makini. Anaweza kuomba chumba cha wazee kiwe karibu na ngazi, watoto walale bila nyongeza, na chakula cha usiku kipunguzwe bei, akapewa yote siku hiyohiyo. Kwa familia isiyolala hotelini zaidi ya mara moja au mbili kwa mwaka, punguzo hilo lina thamani kubwa kuliko pointi 6,000 ambazo huenda zikaisha muda wake kabla hazijatosha usiku mmoja, na mimi ningelichagua hilo bila kusita, isipokuwa pale safari inaponilazimu kwenda nje ya Pwani.