Walimu wakihama Mandera na Wajir, Al-Shabaab hawahitaji tena kupiga risasi

Kila kukitokea shambulizi la Al-Shabaab, kundi la magaidi la Somalia, huku kaskazini mashariki mwa Kenya, tunafanya vilevile. Siku ya kwanza tunahesabu maiti, ya pili wanasiasa wanatuma rambirambi na kuapa watawasaka magaidi popote walipo, ya tatu tumeshahamia stori nyingine. Lakini kuna hesabu moja hatuipigi kabisa, nayo ni ya madarasa yaliyobaki bila mwalimu, na nikiangalia hii vita yote tangu jeshi letu la KDF liingie Somalia Oktoba 2011, hapo ndipo naona tunaumizwa vibaya zaidi.

Kumbukeni vile ilienda. Tarehe 22 Novemba 2014 basi lilitoka Mandera kuelekea Nairobi, shule zimefungwa, ndani kuna walimu wengi wanarudi makwao likizo ya Disemba. Shabaab wakalisimamisha, wakawatenga wasio Waislamu, aliyeshindwa kutamka shahada ya Kiislamu akapigwa risasi. Watu 28. Siku kumi baadaye wakaingia kwa machimbo ya mawe hapo hapo Mandera wakaua vibarua 36. Tarehe 2 Aprili 2015 ikawa Chuo Kikuu cha Garissa, watu 148, karibu wote wanafunzi. Sasa angalia ni kina nani waliouawa, mwalimu, kibarua wa mawe, mwanafunzi, wengi wao watu waliotoka kaunti zingine kwenda kusoma ama kutafuta riziki. Mimi siamini walichaguliwa ovyo. Ukitaka kuikata sehemu na nchi yake huna haja ya kuteka kambi ya jeshi, unaua wale wanaoiunganisha na wengine, na wanaobaki watajiondoa wenyewe.

Na walijiondoa kweli. Mwanzoni mwa 2015 mamia ya walimu walipiga kambi kwa ofisi za TSC, tume inayoajiri walimu, Nairobi wakikataa kurudi kule, na mimi siwezi kuwalaumu hata kidogo, mtu ana watoto wake, ameona wenzake wamelazwa chini kando ya barabara wakapigwa risasi za kichwa, unamwambia arudi kwa ulinzi gani? Februari 2018 Shabaab wakaua walimu wawili na mke wa mmoja wao huko Qarsa, Wajir. Januari 2020 walimu watatu Kamuthe, Garissa. Baada ya mashambulizi kama hayo TSC ikahamisha walimu wasio wenyeji, na shule nyingine zikabaki na mwalimu mmoja ama wawili wa kufundisha madarasa yote.

Halafu watu wanasema, si waajiri wenyeji tu. Sawa, ni jibu zuri, nakubaliana nalo, lakini hebu tulifuate mpaka mwisho. Mwalimu mwenyeji anatoka wapi? Anatoka kwa mtoto aliyesoma vizuri shule ya msingi, akapita sekondari, akapata gredi ya kuingia chuo cha ualimu. Huyo mtoto miaka yake yote hakuwa na mwalimu wa hesabu wala wa sayansi. Atapata hiyo gredi kwa miujiza? Kwa hivyo mwalimu aliyehama 2015 ndiye mwalimu mwenyeji anayekosekana leo, na tusipofanya kitu anayekosekana leo atatunyima wengine miaka kumi ijayo. Hii ndio hasara ambayo hakuna msemaji wa polisi atakuja kuisoma kwa habari za saa moja.

Kitu kingine kinachoniuma ni vile tunawaongelea wenyeji. Utasikia mtu ameketi Nairobi anasema ati wanawajua magaidi na wanawaficha. Wewe jiweke pale kidogo. Kijiji kiko karibu na mpaka wa Somalia, kituo cha polisi kiko mbali, milingoti ya simu imelipuliwa kwa hivyo hata network ya kupiga ripoti hakuna na pesa ya simu haiingii. Barabara imetegwa vilipuzi, polisi wenyewe wakipita wanaogopa. Usiku wanakuja vijana na bunduki wanataka maji na chakula. Ukiwanyima unakufa, ukiwapa na serikali ijue unakamatwa, ukienda kuripoti, wale wanarudi wiki ijayo na polisi washarudi kambini zamani. Machifu na polisi wa akiba wameuawa kwa sababu ya kazi hiyohiyo ya kuwa macho ya serikali. Machi 2025 polisi wa akiba sita waliuawa kambini kwao huko Fafi, Garissa. Hao ni wenyeji, watu wa hapo hapo, Waislamu. Nani anawaficha nani?

Mnamkumbuka Salah Farah? Mwalimu, Muislamu, alikuwa kwa basi lililoshambuliwa Disemba 2015 likienda Mandera, zaidi ya mwaka baada ya lile basi la kwanza. Safari hii Shabaab walipotaka abiria wajitenge, Waislamu wakakataa, kina mama wakawapa Wakristo hijabu wajifunike. Yeye alipigwa risasi, akafariki Januari iliyofuata hospitalini. Alipewa nishani baada ya kufa, na alistahili, lakini mtu kama huyo angefaa kuwa msingi wa sera yote ya usalama kule, si picha ya kuweka kwa hotuba. Na upande wa pili, mmoja wa waliovamia Garissa alikuwa mtoto wa chifu wa Mandera, msomi wa sheria wa Chuo Kikuu cha Nairobi, na baba yake alikuwa amesharipoti kwa serikali kwamba kijana amepotea. Baba aliripoti! Halafu tunasema hawatoi habari.

Huu ukuta wa kutoaminiana haukuanzishwa na Shabaab, waliukuta tayari. Sera ya uchumi ya 1965 ilisema pesa ziende kwa maeneo yenye mvua na rutuba, sheria za hali ya hatari zilikaa kaskazini mashariki mpaka mwanzoni mwa miaka ya 90, na Februari 1984 jeshi liliwakusanya wanaume uwanja wa ndege wa Wagalla, Wajir, wakauawa kwa mamia. Mpaka juzi juzi kijana wa Garissa akitaka kitambulisho alipitia kamati ya kumkagua kama kweli ni Mkenya, jambo ambalo kijana wa Nyeri hajawahi kuliota. Hiyo iliondolewa Februari 2025 na mimi nilifurahi sana, manake bila kitambulisho huwezi kusajili laini, huwezi kupita roadblock kwa amani, na hiyo TSC tunayosema iajiri wenyeji haiwezi kukuajiri. Wazee wa kule wakimuona mtu ametoka Nairobi humuuliza Kenya mmeiachaje. Hawatanii.

Ule ukuta mwingine wa waya na mitaro ulioanza kujengwa mpakani 2015 ulisimama ukiwa na kilomita chache tu kwa mpaka wa karibu kilomita 700. Sina la ziada kuuhusu.

Ninachotaka ni vitu vya kawaida kabisa. Wanafunzi wa sekondari wa Mandera, Wajir na Garissa walipiwe karo yote ya chuo cha ualimu kwa sharti warudi kufundisha kwao. Shule za vijijini ziunganishwe ziwe chache za bweni, karibu na kambi za usalama, badala ya kuwa kumi zisizo na mtu. Polisi wa akiba walipwe mshahara unaoeleweka, na akiuawa familia yake isianze kuzunguka ofisi na faili. Mlingoti wa simu ukilipuliwa urudishwe kwa siku, si kwa miezi. Na viongozi wa kule nao waache kutumia ukoo kugombania viti, kwa sababu kila vita vya koo vikianza, askari wanatolewa mpakani kwenda kutuliza, na Shabaab wanavuka bila kuulizwa.