Vitonge vya tende na karanga: kazi yote iko kwenye ungo

Vitafunwa vya kuviringisha kwa mkono, visivyookwa wala kukaangwa, vimeenea majumbani kwa kasi, na mimi ni mmoja wa wanaovishangilia. Ninachokipinga ni mahitaji yanayotajwa kila vinapofundishwa: oti, siagi ya lozi, unga wa protini wa kopo, chokoleti nyeusi. Mama anayefanya manunuzi yake gengeni akisikia hayo anapiga hesabu ya nauli ya kwenda supamaketi, anapiga hesabu ya bei, kisha anamnunulia mtoto biskuti za pakiti kama kawaida. Amekosa kitu ambacho mahitaji yake yote yapo sokoni kwake: tende, karanga, ufuta, ubuyu, korosho.

Wala si mambo mageni kwetu. Watu wa pwani wamekula kashata na ladu vizazi na vizazi, na tende zilikuwa zikishushwa bandarini na majahazi yaliyosukumwa na upepo wa kaskazi kutoka Oman na Ghuba kabla hata ya boti za injini. Kashata inataka sukari iyeyushwe jikoni ndipo ishike karanga. Kwenye vitonge, tende inafanya kazi zote mbili, utamu na gundi, bila moto. Karibu theluthi mbili ya uzito wa tende ni sukari, lakini ni sukari iliyokuja na nyuzinyuzi zake, ndiyo maana ukiiponda inanata yenyewe na haihitaji kuongezewa chochote.

Kipimo ninachokitumia nyumbani ni hiki: robo kilo ya tende laini zilizotolewa kokwa, gramu 150 za karanga zilizokaangwa kavu na kumenywa, vijiko vitatu vya chakula vya ufuta, vijiko viwili vya unga wa ubuyu, iliki ya kutwanga na chumvi ya kubana kwa vidole viwili. Karanga zitwange kwenye kinu mpaka zivunjike, usizifikishe kwenye unga; ukizidisha zinatoa mafuta na vitonge vinalegea. Tia tende, endelea kutwanga mpaka vishikane, kisha paka viganja mafuta kidogo uviringishe. Utapata kama vitonge 24, kila kimoja kikiwa na kalori 70 hivi. Mwenye blenda yenye nguvu aitumie, ila nyingi za majumbani zinakwama kwenye tende na mota inaanza kunuka. Kinu hakikwami.

Ubuyu nauweka kwa sababu mbili. Uchachu wake unakata utamu wa tende, ambao peke yake unachosha ulimi. Halafu ubuyu una vitamini C, na vitamini C hupungua kwa moto. Kwa kuwa hapa hatupiki, tunaila jinsi ilivyo. Nasema ubuyu mweupe, unga uliopepetwa kutoka kwenye kibuyu chake, wa Dodoma au Singida. Ule mwekundu uliopikwa na sukari na rangi ni pipi. Ni tamu, naijua, lakini isiingie humu.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niandike.

Watu wakisikia kitafunwa hakipikwi, wanadhani maana yake ni wepesi: changanya, viringisha, kula. Kukosekana kwa moto mwishoni maana yake ni kwamba kila kosa lililofanyika kabla linabaki ndani. Na kosa kubwa kuliko yote linakuja na karanga. Karanga, kama mahindi, hushambuliwa na sumukuvu, sumu inayotengenezwa na ukungu unaostawi kwenye joto na unyevu, kuanzia shambani mpaka ghalani. Haina ladha ya kukutahadharisha. Ukiila kidogo kidogo kwa miaka inaharibu ini na kuleta saratani. Ukiila nyingi kwa mkupuo inaua. Kenya mwaka 2004, upande wa Makueni na Kitui, watu 125 walifariki kwa mahindi yenye sumu hiyo. Kwetu mwaka 2016 ilizuka Dodoma na Manyara, na takriban watu 20 wakapoteza maisha. Yale yalikuwa mahindi, lakini ukungu ni uleule na karanga ni miongoni mwa mazao unaoyapenda zaidi.

Kukaanga kunapunguza sumu hiyo ila hakuimalizi. Kinachosaidia sana ni macho na vidole. Katika gunia la karanga, sumu haisambai sawasawa. Mara nyingi imejikusanya kwenye punje chache zilizoharibika, na ukiziondoa hizo umeondoa sehemu kubwa ya hatari. Kwa hiyo nazimwaga kwenye ungo, mahali penye mwanga wa jua, nazitandaza ziwe safu moja. Punje nzima, iliyojaa, yenye ngozi ya rangi moja, inabaki. Iliyosinyaa inatoka. Iliyovunjika kabla ya kufika kwangu inatoka, maana ufa ndio mlango wa ukungu. Yenye doa jeusi au vumbi la kijani inatoka. Baada ya kukaanga na kumenya nachambua tena, kwa sababu ngozi huficha: kuna punje inayoonekana nzuri kwa nje, ukiitenganisha vipande viwili unakuta katikati pamegeuka manjano au kijivu. Sumu yenyewe haina ladha, lakini punje iliyoharibika inaweza kuwa chungu: ukitafuna karanga ukakuta chungu, itemee nje, usiimeze kwa aibu ya kuwa mbele za watu.

Zile zilizotolewa usizitupie kuku wala kumgawia jirani anayefuga. Kuku naye anadhurika, na ng'ombe akila chakula chenye sumukuvu, sumu hupita hadi kwenye maziwa. Zifukie shimoni.

Kwa sababu hiyohiyo nanunua karanga nzima, sinunui za kusagwa. Mchuuzi mmoja aliniambia, "Mama, karanga ni karanga tu, hizi za unga nakupa rahisi." Ni kweli ni rahisi, lakini zikishasagwa huwezi tena kuchambua. Hujui ziliingia mashineni zikiwa na hali gani. Siagi ya karanga iliyotengenezwa na mtu unayejua anavyochambua, hiyo ni sawa. Ya kopo lisilo na jina, iliyopangwa juani kando ya barabara, naipita. Mwenye wasiwasi na karanga kabisa atumie mbegu za maboga au vipande vya korosho. Korosho zilizovunjika za Mtwara huuzwa bei ya chini kuliko nzima, na kwenye kinu zitavunjika tu.

Baada ya karanga, adui wa pili ni maji. Tende zikiwa ngumu watu huzilowesha usiku kucha, asubuhi wanapata uji. Vitonge vyake vinapendeza siku ya kwanza, siku ya tatu vinaanza kuchacha. Tende ngumu itie kwenye maji ya moto dakika tano tu, ichuje, ifute kwa kitambaa safi, iache ipunge hewa kabla ya kuiponda. Nazi mbichi ya kukuna nayo ina maji mengi. Kwa joto la Dar es Salaam ikichanganywa asubuhi, jioni harufu imeshabadilika. Ukiitaka, ikaushe kwanza kwenye kikaango bila mafuta mpaka iwe kavu ya kuchakarisha, au uitumie kwa vitonge vitakavyoliwa siku hiyohiyo. Vikavu, kwenye chombo chenye mfuniko ndani ya friji, vinafika wiki mbili bila tatizo. Nje ya friji nisingevipa zaidi ya siku nne.

Ukavu huo ndio siri ya chakula dawa wanachopewa watoto wenye utapiamlo mkali. Mwaka 1996 mtaalamu wa lishe ya watoto wa Ufaransa, André Briend, alishirikiana na kampuni ya Nutriset kutengeneza Plumpy'Nut: karanga za kusagwa, unga wa maziwa, sukari, mafuta, vitamini na madini. Pakiti moja ya gramu 92 ina kalori 500, haipikwi, haichanganywi na maji, na kwa kuwa haina maji, bakteria hawapati pa kuzaliana. Mama anaweza kumlisha mtoto nyumbani pasipo friji wala maji salama. Vitonge vyetu havitibu utapiamlo, na mtoto aliyedhoofu apelekwe kliniki. Ila kanuni ya kukitunza chakula kisichopikwa ni ileile.

Kuhusu kiasi, lazima tuambiane ukweli. Kuitwa chakula cha afya hakukiondolei kalori zake. Vitonge vitatu ni kalori zaidi ya 200, na sukari ya gramu 20 hivi, sehemu kubwa ikiwa ya tende. Kwa fundi anayebeba zege, mwanafunzi anayetembea kilomita kadhaa kwenda shule, au anayefanya mazoezi, hicho ni chakula cha maana. Kwa anayekaa ofisini siku nzima, kimoja au viwili vinatosha. Mwenye kisukari asidanganywe na neno "asilia", ahesabu kama anavyohesabu wanga mwingine. Hata hivyo, ukinilinganishia na soda ya mililita 300, yenye sukari gramu 30 hivi na hakuna kingine, sisiti kuchagua. Kitonge kina protini na mafuta ya karanga, kina nyuzinyuzi, na kinashika tumbo mpaka mchana.

Asali siitii, ingawa ya Tabora naipenda mno kwenye chai. Tende zimeshatosha, na Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, linaihesabu asali kwenye kundi moja na sukari tunayoongeza, ile linayotaka isivuke asilimia 10 ya nguvu tunayoipata kwa siku. Mtoto chini ya mwaka mmoja asipewe asali kabisa, hata ya kulamba, kwa sababu inaweza kubeba vijidudu vinavyozalisha sumu tumboni mwake. Na kwa watoto chini ya miaka mitano twanga karanga ziwe laini kabisa, kipande kizima kinaweza kuwakaba.

Wapo kina mama na vijana wengi wanaouza vitonge hivi kwa oda, kwenye vikopo vizuri vyenye utepe. Nawaunga mkono kwa moyo wote, ni kazi halali na inalisha familia. Ninachowaomba ni kibandiko kinachosomeka: vimetengenezwa lini, vina nini ndani, na kwa herufi kubwa kama kuna karanga, ufuta au korosho, kwa kuwa wapo ambao punje moja tu inawafunga pumzi. Na mteja akiuliza karanga zimechambuliwa vipi, ajibiwe bila kununiwa. Mimi nauliza kila ninaponunua, na anayenijibu vizuri ndiye ninayerudi kwake.